Dubwana na Mkasi

Msomaji, ukiambiwa kwamba dubwana lenye kimo cha mita 50 lilitoka katika kilindi cha bahari likaukanyaga mji mkubwa ukawa kifusi, hapana shaka utatabasamu na kusema kuwa hayo ni mambo ya watoto. Sikulaumu. Nami nilisema vivyo hivyo siku ya kwanza nilipoitazama filamu ya Kijapani iitwayo Gojira. Nililiona dubwana likijikokota kwa uzito, nikatambua mara moja kwamba ndani ya ngozi ile ya mpira yumo mtu atokwaye na jasho, na kwamba majumba yaangukayo ni vijumba vya mfano, vilivyofanywa vidogo mara 25 kuliko vya kweli. Nikacheka. Lakini kicheko changu hakikudumu. Kilikatika ilipofika sehemu moja ya filamu ambayo nitakusimulia punde, na tangu siku hiyo sijaweza kuitazama kama mchezo.

Mimi ni mwalimu wa walimu. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana ambao kesho watakufundisha wewe, au wadogo zako, namna ya kusoma kitabu na kukihoji. Siku hizi kijana husoma kitabu kimoja akatazama filamu kumi, wala sioni sababu ya kuyaacha maswali yetu darasani tuendapo kutazama sinema. Swali nilipendalo kuliko yote ni hili: ni nani asemaye katika kisa hiki, na ni nani aliyenyamazishwa? Filamu ya Gojira hulijibu swali hilo kwa namna ya peke yake, kwa sababu haikufanywa mara moja tu. Ilifanywa Tokyo mwaka 1954, kisha ikakatwa kwa mkasi na kushonwa upya huko Marekani mwaka 1956. Ukizitazama mbili hizo pamoja, utaona kwa macho yako jinsi kinywa cha mtu kizibwavyo.

Kabla ya hayo, nikukumbushe kwamba dubwana katika kisa si jambo geni kwetu, wala si la watoto. Katika hadithi za Waswahili zilizokusanywa Unguja na kupigwa chapa na Edward Steere mwaka 1870, kimo kisa cha Sultani Majnuni na paka wake. Paka yule alikamata ndama, watu wakaenda kushtaki kwa sultani. Naye akawajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake. Akakamata mbuzi, jibu likawa lile lile. Akazidi kukua na kuzidi kula, wanyama wakubwa, kisha watu, na sultani akazidi kumtetea, hata siku alipowala watoto wa sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba alipokiri kwamba huyu si paka tena, bali ni nunda mla watu. Mtungaji wa kisa hicho, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, hakuwa akizungumza habari za paka. Alizungumza habari za mtawala aleaye hatari nyumbani mwake, na kila aonywapo husema kwamba hatari hiyo ni mali yake. Kiweke kisa hicho moyoni, maana Gojira na nunda ni jamaa.

Sasa twende katika Bahari ya Pasifiki. Alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Jaribio hilo liliitwa Castle Bravo. Wataalamu walitazamia nguvu ya megatani 6 hivi. Hesabu yao ilikuwa na kosa, na nguvu ikafika megatani 15, yaani kiasi cha mara 1,000 ya nguvu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Ilikuwako mashua ya Wajapani ikivua jodari nje ya mipaka ya eneo lililokatazwa. Jina lake lilikuwa Daigo Fukuryu Maru, maana yake Joka la Bahati Namba Tano, na mabaharia wake walikuwa 23. Waliona nuru kubwa upande wa magharibi, mahali ambapo jua halichomozi kamwe. Baada ya saa chache jivu jeupe likaanza kuwanyeshea. Lilikuwa vumbi la matumbawe lililojaa mnururisho, yaani miale ya sumu isiyoonekana kwa jicho wala kunusika kwa pua. Walirudi kwao wagonjwa. Mwendesha redio wa mashua hiyo, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huo huo. Samaki walipimwa sokoni na kutupwa. Akina mama wa Tokyo wakaanza kukusanya saini za kupinga mabomu hayo, na kabla ya mwaka 1955 kwisha saini hizo zilikuwa zimepita milioni 30.

Filamu ya Gojira ilitolewa tarehe 3 Novemba 1954, miezi minane baada ya mlipuko na wiki sita hivi baada ya kifo cha Kuboyama. Zingatia na jambo jingine. Tangu mwaka 1945 hadi tarehe 28 Aprili 1952 Japani ilitawaliwa na majeshi yaliyoishinda vitani, na wakuu wa majeshi hayo walizuia habari na picha nyingi za Hiroshima na Nagasaki zisichapishwe. Watu walikuwa wameungua, na kwa miaka karibu saba hawakuweza kuyasema waliyoyaona kama wapendavyo. Waliporudishiwa ulimi wao, mmoja wa watu waliousemea alikuwa mwongozaji wa filamu aitwaye Ishiro Honda. Honda alikuwa askari. Aliitwa jeshini mara kadha wa kadha, akapelekwa China, na aliporudi kwao mwaka 1946 alipita Hiroshima akaiona ilivyokuwa. Mtu wa namna hiyo akikuletea dubwana, usidhani anakuchekesha.

Filamu huanza na mabaharia wanaopumzika juu ya sitaha. Mmoja anapiga gita. Ghafla nuru inalipuka, bahari inachemka, chombo kinashika moto na kuzama. Hakuna Mjapani wa mwaka ule aliyehitaji kuelezwa maana yake. Vyombo vingine vikazama vile vile, kisha dubwana likapanda katika kisiwa kidogo cha wavuvi kiitwacho Odo. Katika kisiwa hicho yumo mzee mmoja alijuaye dubwana kwa jina tangu zamani, na vijana wanamcheka. Profesa Yamane, mtaalamu wa viumbe vya kale, anatumwa kuchunguza. Anakuta nyayo zenye mnururisho, naye anarudi Tokyo kulieleza Bunge kwamba kiumbe huyu alikuwa amelala chini ya bahari, akaamshwa na majaribio ya bomu la haidrojeni.

Hapo pana sehemu ambayo ningependa uitazame mara mbili. Mbunge mmoja, mwanamume mwenye sauti nzito, anasimama na kusema kwamba habari hii isitangazwe. Anazo sababu zake: uhusiano na mataifa mengine utaharibika, biashara itaharibika, watu watashikwa na hofu. Upande wa pili wanasimama wabunge wanawake, na mmoja wao anapaza sauti kwamba kweli ni kweli na sharti itangazwe. Zogo linazuka, watu wanatupiana maneno na kunyosheana vidole. Kumbuka kwamba wanawake wa Japani walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1946, na 39 kati yao wakaingia Bungeni mwaka huo. Jambo hilo lilikuwa na umri wa miaka minane tu filamu ilipotengenezwa. Honda angeweza kuyatia maneno yale katika kinywa cha mwanamume yeyote. Aliyatia katika kinywa cha mwanamke, na hilo si jambo la bahati nasibu. Wale waliokusanya saini mitaani walikuwa akina mama, nao watazamaji walijua.

Kisha kuna sehemu ya garimoshi, fupi kuliko zote. Watu watatu wanasafiri kwenda kazini kama desturi, wanazungumza. Mwanamke kijana analalamika: samaki wenye sumu, mvua yenye sumu, na sasa dubwana! Anasema kwamba aliponea chupuchupu Nagasaki, na alikuwa na tamaa ya kuishi. Mwanamume anasema kwamba labda itabidi kutafuta tena mahali pa kukimbilia. Basi. Hawaonekani wakifanya jambo kubwa. Lakini katika maneno hayo machache, yasemwayo kama mtu asemavyo juu ya bei ya unga, vita vya mwaka 1945 na bomu la mwaka 1954 na dubwana la kubuniwa vimefungwa katika fundo moja. Mimi huiona sehemu hii kuwa moyo wa filamu nzima.

Na sehemu iliyokikata kicheko changu ni hii. Ni usiku, dubwana limo mjini, Tokyo inawaka. Kwenye barabara, chini ya ukuta, ameketi mama mmoja amewakumbatia watoto wake. Hawezi kukimbia tena. Anawaambia watoto kwamba sasa hivi watakwenda kwa baba yao. Filamu haituelezi baba yao alikufa wapi, wala haina haja. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliimwagia Tokyo mabomu ya moto, na watu wapatao 100,000 wakafa. Wengi wa walioketi katika sinema mwaka 1954 walikuwa wameunusa moshi ule. Walipomwona mama yule hawakuwa wakitazama kitu cha kubuniwa. Inasemekana kwamba baadhi ya wahakiki wa Japani waliilaumu filamu kwa kufanya biashara na msiba wa watu, na lawama hiyo si ya kupuuzwa, kwani tikiti zilizouzwa zilikuwa kiasi cha milioni 9 na laki 6. Hata hivyo sidhani kwamba mfanyabiashara mtupu angemkumbuka mama yule. Angelionyesha dubwana tu.

Yapo na mengine mema: mtangazaji aliye juu ya mnara, asimuliaye kifo chake mwenyewe kinavyomjia, kisha akaaga, mtoto hospitalini apimwaye kwa chombo cha mnururisho, na daktari akatikisa kichwa bila kusema neno. Mngurumo wa dubwana wenyewe ulitoka katika nyuzi za zeze kubwa la Kizungu, ambazo zilisuguliwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo. Fundi wa muziki alikuwa Akira Ifukube. Mapenzi ya Emiko, binti wa profesa, na kijana Ogata hayana chumvi, nami nayapita.

Bali siwezi kumpita Serizawa. Huyu ni mwanasayansi kijana, aliyepoteza jicho moja vitani. Katika kutafuta elimu nyingine amegundua kitu kiwezacho kuharibu oksijeni yote ya majini na kuua kila kilicho hai. Kitu hicho ndicho pekee kiwezacho kuliua dubwana, kwa maana mizinga imeshindwa, na nyaya za umeme zimeshindwa. Serizawa anakataa. Anasema kwamba akikitumia mara moja tu, wakubwa wa dunia watakijua, na wakikijua watamlazimisha awatengenezee silaha. Hatimaye anaona katika televisheni maelfu ya wasichana wa shule wakiimba kuomba amani, naye anavunjika moyo wa kukataa. Anazichoma karatasi zake zote motoni. Kisha anashuka mwenyewe baharini, anakifungua kitu kile kando ya dubwana, na anaikata kamba yake ili asirudi juu, maana karatasi zimekwisha kuungua lakini akili yake bado inayajua.

Wanafunzi wangu hubishana sana hapa, na ni vema wabishane. Mmoja husema kwamba Serizawa ni shujaa. Mwingine huuliza ni ushujaa gani huu wa kuiponya dunia na silaha kwa silaha iliyo kubwa zaidi. Wa tatu aliwahi kusema kwamba filamu imetoroka: katika maisha ya kweli hakuna mwanasayansi aliyekufa na siri yake, na mabomu yakaongezeka. Mimi nakubaliana na huyu wa tatu kwa nusu. Filamu haikutoroka kabisa, kwa sababu neno la mwisho haikumpa Serizawa. Ilimpa Profesa Yamane, aketiye sitahani amevunjika moyo. Yeye tangu mwanzo hakutaka dubwana liuawe; alitaka lichunguzwe, ijulikane lilivyoweza kuishi katika mnururisho. Hakuna aliyemsikiliza. Sasa anasema kwamba hadhani yule ndiye Gojira wa mwisho. Majaribio yakiendelea, mwingine atatokea mahali pengine duniani.

Sasa tuje kwenye mkasi.

Wafanyabiashara wa Marekani waliinunua filamu hii, wakaitoa kwao mwaka 1956 kwa jina la Godzilla, King of the Monsters! Filamu ya awali huchukua dakika 96. Hii huchukua dakika 80 hivi. Lakini usidhani kwamba tofauti ni dakika 16 tu, kwa maana waliondoa nyingi zaidi, wakajaza nafasi kwa picha mpya walizopiga kwao. Mwongozaji wa picha hizo mpya alikuwa Terry Morse. Katika hizo yumo mwandishi wa habari wa Kimarekani aitwaye Steve Martin, aliyeigizwa na Raymond Burr, na sasa kisa chote husimuliwa na yeye. Ili aonekane kuwa alikuwako Tokyo, walimsimamisha mbele ya watu waliogeuza migongo, ili nasi tuamini kwamba migongo ile ni ya Emiko na Serizawa. Wajapani wakisema kwa lugha yao, mara nyingi hawatafsiriwi. Mmarekani humwuliza mtu aliye kando yake, naye humfafanulia kwa ufupi.

Labda utaniambia kwamba jambo hili hata sisi tunalo. Katika vibanda vya video, mijini na vijijini, kuna wasimulizi hodari wanaozungumza juu ya filamu za kigeni kwa lugha yetu, wakaongeza utani na majina ya mitaa yetu. Ni kweli, nami nimewafurahia. Lakini ipo tofauti. Msimulizi wa kibandani husimama kando ya filamu, na kila mtu ajua kuwa yupo pale na kuwa sauti ni yake. Steve Martin aliingia ndani ya filamu, akaketi katika kiti cha wenyewe, na mtazamaji wa Marekani hakuambiwa kwamba kiti kilikuwa cha mtu mwingine.

Tena tazama ni akina nani walioondolewa ili apate nafasi. Aliondolewa mwanamke wa garimoshi, pamoja na Nagasaki yake. Waliondolewa wabunge wanawake na madai yao kwamba kweli itangazwe. Liliondolewa onyo la mwisho la Yamane. Mahali pa onyo hilo Steve Martin anatuambia kwamba hatari imekwisha, na dunia yaweza kuamka na kuishi tena. Soma tena sentensi hiyo, msomaji, kisha ukumbuke kwamba Marekani iliendelea na majaribio yake katika Visiwa vya Marshall hadi mwaka 1958. Yote yaliyofanyika huko tangu mwaka 1946 yalikuwa 67. Mwaka ambao sinema iliwaambia watu kwamba hatari imepita, mabomu yalikuwa yakilipuka.

Yafaa niseme kwa haki. Waliokata hawakulifuta neno bomu kabisa. Yamane bado asema kwamba dubwana liliamshwa na majaribio. Tena bila filamu yao jina la Godzilla lisingeenea duniani kama lilivyoenea, na mimi na wewe pengine tusingelisikia. Sina hakika hata kidogo kwamba waliketi wakala njama ya kuwaziba watu vinywa. Yaelekea walifikiri tu juu ya tikiti: mtazamaji wao, walidhani, hatavumilia kutazama Wajapani wakizungumza juu ya Bunge. Lakini mkasi hauhitaji nia mbaya ili ukate. Mtu akitafuta lililo jepesi kwa mteja wake, ataanza kuliondoa lile linalomshtaki mteja. Filamu ya Honda yenyewe haikupata kuonyeshwa kwa mapana katika sinema za Marekani mpaka mwaka 2004, yaani baada ya miaka 50.

Hapa ningeweza kukoma, na wewe ungebaki na picha nyepesi: Wajapani walisema kweli, Wamarekani wakaikata. Ningekuwa nimekudanganya. Filamu ya Honda nayo ina mkasi wake, ulipitao kimya kabla kamera haijafunguliwa.

Kwanza, Marekani haitajwi hata mara moja. Bomu linatajwa, majaribio yanatajwa, bali mwenye bomu hatajwi. Ni kana kwamba lililipuka lenyewe. Labda ilikuwa ni busara, kwa kuwa majeshi ya Marekani yalikuwa yangali Japani. Lakini basi mbunge yule mwanamume atakaye habari ifichwe amepata sehemu ya matakwa yake, na aliyempa ni filamu yenyewe. Pili, dubwana huja kutoka baharini kama tufani. Tokyo haina kosa, watu wake ni walioonewa tu, na hakuna hata mmoja akumbukaye kwamba miaka michache nyuma majeshi ya mji huo yalikuwa dubwana katika miji ya China na nchi nyingine za jirani. Honda mwenyewe alikuwa huko. Aliyoyaona Hiroshima aliyatia katika filamu. Aliyoyaona China hayamo. Sisemi haya ili nipunguze uchungu wa mama yule aliye chini ya ukuta. Uchungu wake ni kamili. Nasema tu kwamba palikuwa na mama wengine, chini ya kuta nyingine.

Na tatu, ambalo ndilo lililonisumbua zaidi: bomu lililomwamsha Gojira lililipuka nchini kwa watu gani? Wavuvi 23 wa Kijapani walikuwa wapita njia. Wenyeji walikuwa watu wa Visiwa vya Marshall. Watu wa Bikini walikuwa wamehamishwa kwao tangu mwaka 1946. Watu wa Rongelap walikuwa nyumbani asubuhi ile. Jivu liliwaangukia, watoto, ambao hawakuwa wamepata kuona kitu kama hicho, walilichezea. Waliondolewa baada ya siku mbili. Mwaka 1957 waliambiwa kwamba kisiwa ni salama, wakarudishwa. Waliishi humo na maradhi yao hata mwaka 1985, walipoamua wenyewe kuhama, wakachukuliwa na meli ya Rainbow Warrior. Watu hao hawamo katika filamu ya mwaka 1954, na hawamo katika ile ya mwaka 1956. Mkasi wa Marekani haukuwa na la kukata hapo.

Ukitaka kujua jinsi Honda alivyowaona watu wa visiwa vya mbali, tazama filamu zake zilizofuata. Katika Mothra ya mwaka 1961, na katika King Kong vs. Godzilla ya mwaka 1962, wamo wenyeji wa visiwa vya kubuniwa vya bahari za kusini. Ni Wajapani waliopakwa rangi ya kahawia. Wanacheza ngoma, wanasujudu, wanapiga kelele; hakuna aliyepewa neno la maana la kusema. Katika Mothra kuna hata kisiwa kilichofanyiwa majaribio ya bomu, na kusudi lake ni jema, maana filamu huishtaki nchi kubwa iliyofanya hivyo. Lakini mshtaki ni Mjapani wa Tokyo, na mwenye kisiwa anapiga ngoma. Honda, ambaye mwanamke wake wa Nagasaki alifukuzwa garimoshini na wafanyabiashara wa Marekani, aliweza naye kuwafukuza wengine na mahali pao akaweka rangi. Ninamheshimu mtu huyu, na ndiyo maana jambo hili huniuma kuliko ukataji wa wale wengine, ambao sikuwatazamia zaidi.

Huwaonyesha wanafunzi wangu filamu zote mbili, ya mwaka 1954 na ya mwaka 1956, katika Jumamosi mbili zinazofuatana. Kila mara hucheka walionapo dubwana mara ya kwanza, nami huwaacha wacheke. Muhula uliopita msichana mmoja aliniuliza swali nililopaswa kujiuliza mwenyewe zamani: je, watu wa Marshall hawana kinywa? Nilimjibu kwamba wanacho. Kathy Jetñil-Kijiner, mshairi wa kwao, alisimama mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa mwaka 2014 akawasemea watu wake. Mwaka 2018 ilitolewa filamu fupi ya shairi lake liitwalo Anointed. Humo anakwenda katika kisiwa cha Runit, ambako taka za mabomu zilitiwa ndani ya shimo lililochimbwa na bomu jingine, zikafunikwa kwa kuba la zege lililokamilika mwaka 1980. Anapanda juu ya kuba hilo kwa miguu yake, na anasema yeye. Hakuna msimulizi mwingine. Filamu hiyo ni fupi sana, yaweza kutazamwa mara tatu katika kipindi kimoja cha darasani, na muhula huu nimeitengea Jumamosi ya tatu.